Shangazi Mwanashani na Shingo za Mbuzi

Enzi zetu, wenzangu wa Chole mliobakia mtanishuhudia, hakuna mtoto aliyeulizwa amekula wapi. Ulikula pale njaa ilipokukuta. Ukiwa uani kwa jirani unapewa muhogo wa nazi. Ukiwa kwetu unapewa vibibi vya mchele, na ukimaliza unatumwa kuni, kwa sababu mtoto aliyeshiba alikuwa mali ya aliyemshibisha. Wajukuu zangu leo ukiwatuma chumvi nyumba ya pili, huuliza kwanza kama redio itakuwa imemaliza kuimba watakaporudi. Sisi tulikuwa tunatumwa tukiwa tumeshaanza kukimbia.

Baba yangu alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, na chuo chenyewe kilikuwa barazani kwetu. Asubuhi baraza lilijaa watoto, kila mmoja na ubao wake mapajani, kila mmoja anasoma sura yake kwa sauti yake, kelele tupu, lakini ukikosea herufi moja Baba anakusikia. Wino tuliutengeneza kwa masizi ya chungu. Siku ya kuosha mbao tulirudi kutoka kisimani tumepakaa weusi mpaka puani, na mama zetu walitupokea kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Baba alikuwa na fimbo ndefu, inamfikia mtoto wa mstari wa nyuma bila yeye kunyanyuka. Alichukia usingizi kuliko alivyochukia uongo. Mtoto akisinzia, Baba hakumpiga. Aliigusa tu ncha ya sikio lake na ile fimbo, taratibu, kama nzi anayetua, na mtoto alikurupuka akisoma sura isiyokuwa yake. Basi tulicheka mpaka tukaguswa na sisi.

Alasiri ilikuwa yetu sisi tuliosoma asubuhi, baraza likashikwa na zamu nyingine. Wavulana walikwenda kuogelea, wasichana tulicheza nage na mdako. Mdako wa siku zile haukuwa mchezo wa kitoto. Unachimba kishimo, unatia kete, unarusha moja juu na kabla haijashuka unakuwa umezizoa nyingine kwa kiasi kilichotakiwa. Bingwa wa mdako Chole nzima alikuwa mtu mzima, shangazi yangu Mwanashani, mdogo wake Baba na kitinda mimba wa Bibi. Alikuwa mwari wa kuolewa na bado akikaa chini na sisi, kanga kaifunga kibwebwe, mkono unakwenda huoni umekwenda wapi. Akishinda anacheka. Kicheko chake kilikuwa kinapita ukuta, kinapita uwa wa jirani, mpaka Baba anakohoa barazani kumwonya kwamba kuna watu wanasoma Kurani.

Akaolewa na Faki wa Jibondo, fundi wa kuunda mashua. Jibondo mnakijua, kisiwa cha mawe. Hakina maji ya kunywa, maji yao walikuwa wakiyafuata kwa mashua, mapipa kwa mapipa, na mengi walikuja kuteka kwetu. Siku ya kumpeleka bibi harusi tuliimba njia nzima baharini hata sauti zikakauka, na Bibi alimwambia mkwe wake mbele ya watu wote, "Faki, binti yangu amezoea kuoga mara mbili." Faki akajibu, "Mama, mimi nitakunywa nusu ili yeye aoge." Watu wakapiga vigelegele. Tulirudi tukiwa tumeshiba bokoboko, tukiamini kwamba mambo yamekwisha vizuri.

Mwaka wa kwanza yalikwenda vizuri. Mwaka wa pili watu wa mashua ya maji wakaanza kutuletea maneno. Mwanashani haamki sasa, analala tu. Mwanashani anakaa jikoni mpaka ugali unaungua na yeye anautazama. Mwanashani amenenepa lakini hali. Mwisho wake, siku moja ya kaskazi, joto limeshika hata kuku wamekaa na midomo wazi, Faki akamleta mwenyewe. Alikuwa amejifunika mablanketi mawili. Uso umejaa, macho yamekuwa membamba, ngozi kavu kama ganda la muhogo, nywele zimepunguka na nyusi zimeishia nusu. Akasema, "Shikamoo, Mama," na Bibi akageuka kutazama ni mwanamume gani aliyeamkia, maana sauti ilikuwa nzito, kama ya mzee mwenye mafua.

Faki alimketisha kitini, akamkunjia blanketi miguuni, ndipo akatuambia ukweli. Mama yake, Bi Tatu, alikuwa amechoka. Bi Tatu alikuwa mwanamke mkavu, mjane aliyelea watoto wake peke yake kwa kuanika samaki, na neno lake lilikata. Alikuwa amemwambia mwanawe, "Umeoa gogo. Magogo hapa Jibondo tunayo ya kutosha, tunayachonga mashua. Hili mpelekee mwenyewe." Na akaongeza kwamba kama mpaka Idi mke hajarudi anatembea kama watu, yeye ameshamwona msichana mwingine, na hataki kusikia habari ya wake wawili katika nyumba isiyo na maji ya mmoja.

Nyumbani kwetu kila mtu akawa na dawa yake kwa sababu kila mtu alikuwa na ugonjwa wake aliouona. Bibi aliona pepo. Alisema kuna pepo wa Jibondo aliyempanda binti yake siku alipomwaga maji ya moto ufukweni bila kuomba ruhusa. Mama yangu aliona kijicho: mavyaa alipotazama jinsi mwanawe anavyompenda mkewe, jicho likatoka. Majirani waliona mimba, wakamletea ukwaju na udongo wa kutafuna. Miezi ikapita, mtoto hakuja, wakaacha kuleta ukwaju. Baba yeye aliona uvivu. Alikuja akasimama mbele ya kiti cha dada yake na kumhubiria ubaya wa kulala baada ya alfajiri, na shangazi alimsikiliza kwa heshima zote, kisha katikati ya hotuba kichwa kikainama, akalala. Tulikimbilia nyuma ya nyumba kucheka, kwa sababu Baba alisimama pale na fimbo yake asijue aguse sikio au asiguse.

Na sisi watoto? Sisi tuliona bahati. Hebu fikirini, mtu mzima asiyekwenda kokote, asiyekutuma, asiye na haraka! Alikuwa akitusimulia hadithi, na mahali patamu kabisa, jini anafungua mlango, anasinzia. Sisi hatukumwamsha. Tuliimalizia hadithi wenyewe, tukagombana nani aolewe na mwana wa mfalme. Halafu anafumbua macho, anaendelea palepale mlangoni kama hakuna kilichotokea, kwa hiyo hadithi zetu zote zilikuwa na miisho miwili. Mdako alicheza nasi pia. Kete inarushwa, inashuka, inatua, ndipo mkono wake unaanza safari. Tulimwachia. Tulisema, "Ya shangazi haijafika chini bado," na kete iko chini tunaiona sote. Akisikia baridi alituita, "Njooni mnifunike," tukamzunguka tukajibana kwake kama vifaranga, jasho linatutiririka, yeye ananyamaza kwa raha.

Lakini nilisikia siku moja Bibi akimwuliza, si kwa ukali, kwa uchovu tu, "Mwanangu, hivi kusimama kunakushinda?"

Akajibu na ile sauti yake nzito, "Mama, si kwamba sitaki. Nikiuambia mguu nyanyuka, unafikiri kwanza."

Bibi akaamua ngoma ipigwe. Aliletwa mganga kutoka Bwejuu, mama mmoja mnene mwenye bangili mpaka kwenye viwiko, na wapigaji wake. Walipiga alasiri nzima. Uwa ulitetema. Kulikuwa na ubani, kulikuwa na halua, kulikuwa na mkate wa kumimina uliokatwa vipande vikubwa, na sisi watoto tulimwombea pepo huyo maisha marefu. Wanawake wawili watatu ambao hawakuwa wagonjwa walipandwa wakacheza mpaka wakaanguka. Shangazi Mwanashani aliyewekwa katikati, ngoma kubwa ikiwa karibu na sikio lake, alilala usingizi wa kukoroma. Mganga akamtazama, akafikiri, akatangaza kwamba pepo huyu ni wa heshima, hapendi kelele. Mama alijiziba mdomo kwa kanga. Bibi alilia, na halua iliyobaki ikagawiwa.

Idi ilikuwa inakaribia. Faki alikuja na mashua ya maji kila alipoweza, na watu wake wakiwa wanajaza mapipa, yeye alikaa sakafuni karibu na kiti cha mkewe, anamsugua vidole vya miguu kwa mafuta ya nazi. Hawakuwa wakizungumza sana. Mama aliwahi kumwuliza, "Faki, wewe unaonaje?" Akasema, "Mke wangu anaumwa." Basi, hakusema zaidi, na siku nyingine akiulizwa alisema hayohayo.

Ndipo ilipotoka amri ya ndui. Serikali ya Wadachi ilimleta daktari kuchanja watu, na kila mtu alitakiwa bomani, mkubwa kwa mdogo. Siku ile Chole ilikimbia. Wengine walijificha mikokoni, wengine walipanda minazi, na mwenzetu mmoja alikutwa ndani ya mtungi. Wale tuliokwenda tulilia kabla hata ya kuguswa. Shangazi naye alikwenda, na kwa sababu mwendo wake ulikuwa ule mnaoujua, mwendo wa watu wengine wa nusu saa kwake ulikuwa wa asubuhi nzima. Faki alimshika upande mmoja, Mama upande mwingine, Bibi mbele na mwavuli, sisi nyuma na mablanketi. Tulipofika watu wameshaondoka na daktari anafunga sanduku lake. Mara nyingi nimejisemea, kama angekuwa mwepesi siku ile angechanjwa katika kundi na asingetazamwa.

Daktari alikuwa mzee mwenye ndevu nyeupe na shingo nyekundu ya jua. Alimketisha kitini, akamchanja, akataka kugeuka, halafu akasita. Akamshika mkono akaubonyeza. Akamtazama nyusi, akampapasa shingo, akamgonga chini ya goti kwa ukingo wa kiganja, na mguu wa shangazi ukakaa, ukafikiri, ndipo ukanyanyuka. Yule mzee akatabasamu kama aliyekutana na mtu wa kwao. Akasema na mkalimani wake, kijana wa Pangani.

"Anauliza, amekuwa hivi tangu lini?"

Watu wangu wote wakajibu kwa pamoja. "Ni pepo, bwana, wa Jibondo," akasema Bibi. "Si pepo, ni macho ya watu," akasema Mama. Baba aliyekuwa amekuja kusimamia watoto wa chuo, akabaki kutungoja, akasema, "Mwambie kweli tupu. Ni uvivu, na mimi kaka yake nimeona haya kumwambia mgeni."

Mkalimani akainua mikono. Faki akasogea. "Mwambie mke wangu anaumwa. Tangu mwaka wa pili wa ndoa yetu. Zamani hakuwa hivi."

"Anauliza, zamani alikuwaje?"

"Zamani alikuwa akicheka," Faki akasema. "Nilikuwa ufukweni nagonga misumari, nyumba iko kule juu, na namsikia." Akageuka akatazama bahari. 

Kisha daktari akachuchumaa mbele ya kiti, mzee yule na magoti yake, akauliza na mkalimani akaeleza: "Na mwenyewe anasemaje?"

 Tulijua anahitaji muda, lakini safari hii haukuwa muda wa ugonjwa tu. Tangu arudi kwetu, watu wote wale wanaompenda, hakuna aliyekuwa amemwuliza hivyo.

"Nasikia baridi," akasema shangazi. "Na naona aibu."

Dawa yenyewe nyote mliisikia wakati ule, maana Chole nzima iliizungumza. Daktari aliwachukua Baba na Faki mpaka kwa Mzee Shomari mchinjaji, akaomba shingo ya mbuzi aliyechinjwa asubuhi ile, na kwa kisu kidogo akawaonyesha chini ya koromeo, huku na huku, vitezi viwili vyekundu, havizidi kokwa mbili za ubuyu zilizounganishwa. Akajigusa shingo yake mwenyewe. Mkalimani akasema, "Anasema kila mtu anacho, na hiki ndicho kinachotia moto mwilini. Cha mgonjwa wenu kimelala. Mpeni cha mbuzi. Kipande kidogo, kipashwe tu, kisiive. Na hii si dawa ya kumaliza. Akiacha, atarudi alivyokuwa. Ni ya maisha." Akawaonya pia kwamba moyo ukianza kumwenda mbio, wapunguze.

Nyumbani kukazuka vita. Bibi alikataa katakata: binti yake kula kitu kibichi cha shingoni, amegeuka paka? Mama akauliza je, kama cha mbuzi kitamfanya awe mbuzi? Hilo tulilipenda mno, tukaanza kubishana kama pembe zitatangulia au mkia. Wote wakamgeukia Baba. Alizungusha tasbihi yake, nikadhani atakataa, kwa sababu alikuwa ameaibika mbele ya wageni, na Baba hakupenda kuaibika. Mwisho akasema, "Mbuzi kachinjwa kwa bismillahi. Nyama yake halali, na shingo yake ni nyama. Mimi nilimwambia dada yangu ni mvivu, na nilikuwa nimekosea kumwambia hivyo. Mpeni."

Mama akakikata kipande, akakipasha kwenye supu yenye pilipili manga na ndimu, akakileta kwenye bakuli la kauri la wageni. Tulijaa mlangoni. Shangazi akatia kinywani, akatafuna kwa mwendo wake. Bibi akashindwa kuvumilia. "Kina ladha gani?"

Akafikiri, akasema, "Kama ini lililokasirika."

Ikawa hivyo kila mbuzi alipochinjwa. Mwanzoni hakuna kilichobadilika. Tulimkagua paji la uso kila asubuhi kutafuta pembe. Halafu mchana mmoja tumemzunguka kumfunika kama kawaida yetu, akatusukuma. "Ebo! Mnanitia joto, tokeni!"  Akalivua blanketi moja, akalivua la pili, akajipepea kwa upande wa kanga. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi, unga unadondoka, akapiga kigelegele cha peke yake kikasikika mpaka bandarini. Baada ya hapo uso ulipungua, nyusi zikaanza kuota, na sauti ikawa inapanda kidogo kidogo kama mtu anayetoka kisimani. Siku ya mdako nilirusha kete nikasema kama tulivyozoea, "Ya shangazi haijafika chini bado," nikatazama, kete zote zimeshazolewa. Alitushinda sote, akatushinda tena, akacheka. Barazani Baba hakukohoa. Chuo kizima kilinyamaza, hata watoto wadogo, na Baba alikaa na fimbo yake magotini akisikiliza.

Tena akazidi! Kwa furaha yake Bibi alikuwa akimwongezea vipande kwa siri, na shangazi akawa haoni usingizi. Alfajiri ameshafagia uwa wetu na wa majirani wa pande zote, ameosha vyungu vilivyokuwa safi, ameanza kusuka ukili, na mikono inamtetemeka. Bibi akasema, "Masikini, afadhali alivyokuwa akilala, angalau na sisi tulilala." Baba akakumbuka onyo la daktari, wakapunguza, mambo yakatulia.

Faki haya hakuyaona. Bi Tatu alikuwa amemshikilia Jibondo amalize mashua ya watu, na kuteka maji walitumwa wengine; habari walizomletea alizidhani za kumfariji tu. Alikuja siku chache kabla ya Idi, na baadaye alitueleza kwamba alikuja na maneno ya mama yake moyoni, hajui atayatoa vipi. Sisi tulimwona kutoka juu. Alikuwa anateremsha pipa tupu kutoka kwenye mashua, amelikumbatia, maji magotini, na shangazi akateremka njiani na mtungi kichwani, mkono mmoja kiunoni, hatua zake zile za zamani. Faki alimwona akaliachia pipa. Likaenda zake na maji. Watu wa mashua wanapiga kelele, "Fundi, pipa! Fundi, pipa!" na fundi amesimama tu.

"Karibu, baba," shangazi akamwambia. "Maji ya kuoga nimeshateka."

Sitaki kuwaeleza zaidi, tulikuwa watoto, tulifukuzwa. Pipa lilipatikana kwenye mikoko.

Idi ile aliila Jibondo. Bi Tatu alimpokea mkaza mwana wake mlangoni, akamtazama juu mpaka chini, akasema ni nadhiri aliyoiweka yeye ndiyo iliyomtoa pepo. Bibi yangu naye mpaka anaingia kaburini alisema ni ngoma, ila ilichelewa kufanya kazi. Hakuna aliyewabishia, shingo za mbuzi ziliendelea kwenda. Ikawa kazi yetu watoto. Sauti ya Mzee Shomari akinoa kisu ilitutoa chuoni kwa ruhusa ya mwalimu mwenyewe, tukasubiri, tukapewa kilichofungwa katika jani la mgomba, na mbio mpaka kwenye mashua ya maji. Na haikuwa kwa mchinjaji tu. Kukiwa na harusi, kukiwa na akika, kukiwa na hitima kwa Bwana Mwarabu mwenye minazi ya Kichwa cha Mji, kabla shingo haijatiwa sufuriani kulikuwa na mtu wa kupiga kelele, "Ya Mwanashani imewekwa?" Watu ambao hata hawakumjua kwa sura waliuliza hivyo. Akazaa mtoto wa kike, kisha wa kiume, na wa kiume alipewa jina la Baba, ambaye alijifanya hakujali na akenda Jibondo mara tatu kumtazama.

Kisha vita vikaja. Waingereza walishuka kisiwani na askari wao, na askari wanakula. Mbuzi wakatoweka Chole, wakatoweka Kisiwa Kikuu chote. Mzee Shomari alining'iniza kisu chake akaenda kuvua. Shangazi akaanza kuvuta blanketi, sauti ikaanza kushuka, mtoto analia na yeye anafikiri. Tulimwona tulipopelekwa Jibondo kumsaidia, na tulifahamu haraka kuliko watu wazima.

Bi Tatu alikuwa na mbuzi jike mmoja wa maziwa na mwanawe, aliowaficha ndani ya nyumba, wanalala chini ya kitanda chake. Ndio waliokuwa mali yake yote, na uji wake wa jioni ulikuwa wa maziwa yale. Asubuhi moja alimtoa yule jike nje, akamwita Faki na kisu. Faki akasema, "Mama, huyu?" Bi Tatu akamjibu, "Kwani mkeo ana dawa nyingine? Mtoto wangu anaumwa, chinja." Akavitoa vitezi mwenyewe kwa vidole vyake vya kuparua samaki, akavikata vyembamba kama karatasi, akavitia chumvi, akavianika juani kama samaki wa ng'onda, huku akiwafukuza kunguru kwa mawe na matusi. Baadaye yule mwanambuzi naye akafuata njia hiyohiyo. Alikuwa akimpa mkaza mwana wake kipande kidogo kwa uji mkavu, na akasimama pale mpaka amemeza. Vile vikavu vilifanya kazi kama vibichi. Vilimvusha mpaka mbuzi wakaanza kuletwa tena, na watoto wake wakaendelea kuamshwa asubuhi na kicheko.

Shangazi Mwanashani alituacha akiwa kizee mwenye vitukuu, meno hana, ulimi anao. Siku hizi mjukuu wangu mmoja, msichana anayesoma bara, ameonekana ana ugonjwa uleule. Hospitali wamempa kichupa cha vidonge vyeupe. Kimoja asubuhi, kwa maji, amemaliza. Hakuna anayekwenda mbio, hakuna jani la mgomba, hakuna anayekosa maziwa yake. Namshukuru Mungu kwa kichupa kile. Anapendeza, anacheza mpira wa wavu, hata huwezi kujua. Na ndivyo ilivyo, hakuna anayejua. Alikaa kwetu likizo nzima, nyumba imejaa watu, na niligundua kwa kukiona tu kile kichupa dirishani. Nikauliza wenzake wanaolala naye chumba kimoja, ni vya nani? Wakainua mabega, macho kwenye magazeti yao ya picha.

Nilimwita nikamwuliza, "Mwenyewe unasemaje?" Alishangaa kidogo. Halafu akaketi, akazungumza mpaka adhana ya alasiri, na aliponyanyuka alinibusu mkono, akasema hajawahi kumweleza mtu. Sasa kila asubuhi akiwa hapa nampigia kelele kutoka uani, "Umemeza?" Anajibu, "Bibi, unanisumbua!" na anacheka. Majirani wanasikia, na juzi nilimsikia yule mama wa nyumba ya pili akiniwahi kwa kupaza sauti juu ya uwa, "Mtoto wetu amemeza?"